Sanduku la Fundi: Inanguruma, lakini haiamki

Kila mwezi sanduku hili hujaa maswali ya simu zilizotumbukia majini na televisheni zenye mistari. Mwezi huu ziliingia barua tatu zilizonifanya nitue kikombe cha chai na kuvaa miwani vizuri. Zote ni za minikompyuta, yaani mashine zile zilizoitwa ndogo kwa sababu tu hazikujaza chumba kizima. Nilizitumikia nikiwa kijana mwenye nywele, na nilidhani zote zimekwisha kupita kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Kumbe bado zipo na bado zinawanyima watu usingizi. Za simu zitangoja.

*Mzee Fundi, pokea salamu zetu. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi hapa Kariobangi. Tulipewa MicroPDP-11/73 iliyokuwa imelala miaka mingi kwenye godauni moja Industrial Area. Mwenyewe alikuwa karibu kuiuza kwa kilo. Tunataka iendeshe mfumo wa Unix uitwao 2.11BSD ili wanafunzi waone kompyuta ilivyofanya kazi kabla ya kipanya. Tukiiwasha, feni zinanguruma na taa ya DC OK inawaka. Mwanzoni laptopu ilituonyesha alama za ajabu ajabu. Tulipobadilisha kebo tukaanza kuona @ peke yake. Siku moja tu ilipima kumbukumbu mpaka mwisho, kisha ilipofika kwenye diski ikanyamaza. Kadi ziko hivi: nafasi ya 1 kichakata, ya 2 kumbukumbu, ya 5 RQDX3 ya diski. Kwenye nafasi ya 3 na ya 4 tulitoa kadi za laini za terminali, kwa kuwa konsoli moja ya kuamrishia mashine inatutosha. Diski ni RD53. Fyuzi imeungua mara mbili na mwanafunzi mmoja akaibadilisha. Kuna mtu Marekani anauza kadi ya kichakata. Tuchange tuinunue? — Mwalimu, Kariobangi*

Mwalimu, msichange. Kama mmeshaanza kukusanya, warudishieni watu pesa zao. Kichakata chenu ni kizima, na aliyeniambia ni wewe mwenyewe hapo ulipoandika @.

Alama hiyo haitoki kwenye diski. Inatoka kwenye kijiprogramu kiitwacho ODT, kilichochongwa ndani ya kichakata chenyewe, na maana yake ni kwamba mashine imesimama na inangoja amri. Mashine iliyokufa haiwezi kukuandikia kitu. Lakini kabla hatujafika huko, turudi kwenye fyuzi, maana hapo ndipo niliposhtuka.

Fyuzi ikiungua mara moja, unaweza kusema ni uzee. Ikiungua mara mbili, kuna kinachoiunguza. Nyuma ya kasha lenu la BA23 kuna swichi ndogo ya kuchagua volti, 120 au 240. Mashine iliyotoka Marekani huja ikiwa imewekwa 120, na sisi hapa soketi zetu ni 240. Itazameni kwa tochi, msiipapase gizani. Halafu mlinganishe fyuzi aliyoweka kijana na kipimo kilichoandikwa pale inapokaa. Nimewahi kuona fyuzi iliyofungwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, na nyumba nzima ilinusa moshi wiki mbili.

Chukueni mita mpime umeme mashine ikiwa na kadi zake ndani, kwa sababu pawa saplai za aina hii hazipendi kuwashwa bila mzigo. Ile ya volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, ile ya 12 isiyumbe. Pawa saplai hiyo inaweza kutoa hadi ampea 36 kwenye volti 5. Volti 5 haikurushi, lakini ampea 36 zikipita kwenye pete ya ndoa, pete inaweza kukuunguza kidole kabla hujaita jina la mwenzako. Vueni pete na saa. Kama kuna kapasita imevimba kichwa au imetoa gundi ya kahawia chini yake, simameni hapo hapo muibadilishe kwanza. Na mashine ikae nyuma ya stabilaiza. Stima ikipotea, chomoeni. Ikirudi, ngojeni itulie kabla ya kuchomeka tena.

Sasa konsoli. Alama za ajabu zina sababu mbili tatu hivi. Ya kwanza ni kasi ya laini: nyuma ya mashine, kwenye paneli ya konsoli, kuna kitufe cha kuzungusha kinachochagua kasi, na laptopu lazima iwe kwenye kasi hiyo hiyo, kwa kawaida 9600, biti 8, bila pariti. Ya pili inawakamata vijana wengi siku hizi. Ukienda Luthuli Avenue ukaomba kebo ya kugeuza USB kuwa laini ya zamani, unaweza kupewa kile kibao kidogo cha bei rahisi chenye nyaya nne za rangi. Hicho kinazungumza kwa volti 3.3 au 5. Mashine yenu inazungumza RS-232, ambayo ikiwa kimya hukaa kwenye volti hasi, na ikitaka kusema huruka kwenda chanya. Ni kinyume kabisa. Mkiunganisha hivyo mtapata takataka kwenye kioo, na mnaweza kukiunguza kibao chenyewe. Kama kiunganishi chenu ni cha pini 25, wekeni mita kati ya pini ya 2 na ya 7 mashine ikiwa imewaka na kimya. Mkiona volti kadhaa chini ya sifuri, mdomo wa mashine ni mzima. Nadhani hiyo kebo mliyobadilisha ndiyo iliyotibu tatizo hili, ingawa hukuniambia mliitoa wapi.

Basi mna @. Kwa nini inasimama badala ya kubuti, yaani kupakia mfumo wake kutoka kwenye diski? Angalieni kitufe cha Halt mbele ya kasha. Kikibonyezwa kinabaki ndani, na mashine kila ikiwashwa itasimama palepale kwenye @. Watu wameshapeleka mashine nzima kwa fundi kwa sababu ya kitufe hicho. Jambo jingine: mkichomoa kebo ya laptopu mashine ikiwa inafanya kazi, laini inaweza kuonekana kwake kama ishara ndefu ya kukatiza, naye akasimama kwa adabu kungoja amri. Si ugonjwa. Laptopu iunganishwe kwanza, mashine iwashwe baadaye.

Halt ikiwa nje, fanyeni jaribio hili moja mbele ya wanafunzi. Ni zuri kuliko somo la mwezi mzima. Kwenye @ andikeni 1000/ na mashine itawajibu kwa tarakimu sita, yaani kilichomo kwenye anwani hiyo ya kumbukumbu. Andikeni 777, mbonyeze Return. Namba hizi zote ni za msingi wa nane. Hiyo 777 ni amri moja tu inayomwambia kichakata: ruka urudi hapo hapo ulipo. Kisha andikeni 1000G. Taa ya Run itawaka na mashine itaanza kujizungusha kama mbwa anayekimbiza mkia. Bonyezeni Halt: itasimama na kuwaandikia kuwa iko 1000. Mkiona hivyo mmethibitisha kichakata, kumbukumbu ya hapo na konsoli kwa amri moja, bila kutuma hata senti Marekani.

Halafu muulizeni mwenye diski kama yupo nyumbani. Andikeni 17772150/ ambayo ndiyo anwani ya kawaida ya kadi kama RQDX3. Akijibu kwa namba, kadi inasikia. Mkiona alama ya kuuliza, hakuna aliyeitika mlango huo: ama kadi haijakaa sawa, ama swichi zake za anwani zimeguswa.

Mimi nina hakika atajibu. Na hata akijibu, diski haitabuti, kwa sababu ya zile nafasi mbili mlizoziacha wazi.

Fikirieni matatu iliyojaa. Abiria wa kiti cha nyuma amelipa na anadai chenji. Kondakta yuko mlangoni, hafiki nyuma. Anampa chenji wa kiti cha kwanza, naye kwa kuwa si yake anampitishia wa pili, wa pili kwa wa tatu, mpaka imfikie mwenyewe. Ndivyo Q-bus, njia ya pamoja inayounganisha kadi zenu zote, inavyopitisha ruhusa. Kadi ya diski ikitaka kuandika kwenye kumbukumbu moja kwa moja, inaomba. Kichakata kinatoa ruhusa. Ruhusa inapita kadi kwa kadi. Anayeihitaji anaizuia, asiyeihitaji anaipitisha. Nafasi ikiwa tupu, hakuna mkono wa kupitisha, na chenji inaanguka sakafuni. RQDX3 yenu iko nafasi ya 5 ikidai, kichakata kimeshatoa, na kila mmoja anamngoja mwenzake mpaka stima ipotee.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mambo mengine yote yanaonekana mazima. ODT haihitaji ruhusa hiyo, na kupima kumbukumbu hakuihitaji. Hata kuuliza anwani ya diski kama tulivyofanya hakuihitaji, maana hapo kichakata ndicho kinachouliza. Ndiyo maana mlipima kumbukumbu mpaka mwisho mkadhani mmefika.

Dawa haina gharama. RQDX3 ni kadi fupi. Isogezeni hadi nafasi ya 3, kwenye upande wa A na B, viwili vya kwanza kati ya viunganishi vinne vya nafasi, A hadi D. Nasema upande huo kwa sababu BA23 ina mtego wa pili: katika nafasi tatu za kwanza Q-bus yenyewe inapita A na B peke yake, na C na D ni njia za faragha kati ya kadi. Kuanzia nafasi ya 4 kwenda chini, ruhusa inatembea kama nyoka: inavuka nafasi ya 4 kutoka upande mmoja hadi mwingine, inashuka, inarudi kinyume kwenye ya 5, na kuendelea hivyo. Kadi fupi mbili zikiwekwa ovyo huko chini zinaacha tundu ambalo jicho halilioni.

Kama siku moja mtalazimika kuacha nafasi wazi katikati, kuna kadi ndogo ya kupitisha ruhusa, M9047. Fundi wenu wa bodi anaweza kuichonga pia, maana kazi yake ni kuunganisha tu mguu AM2 na AN2, na AR2 na AS2. Njia mbili za shaba, hakuna chipu.

Niwaambie nilivyojifunza hili. Nikiwa bado mwanagenzi, kampuni niliyofanyia kazi ilinituma Ijumaa kusafisha PDP-11/34 ya mteja mmoja mjini, mashine iliyokuwa ikichapa mishahara. Nilitoa kadi zote, nikasugua meno yao ya dhahabu kwa raba nyeupe ya penseli kama nilivyofundishwa, nikazirudisha moja moja kwa mpangilio. Kikabaki kipande kidogo cha bodi, upana wa vidole vinne, chenye njia chache za shaba na kisicho na chipu hata moja. Nikasema hiki ni kifuniko cha vumbi. Nikakitupa kwenye pipa la taka.

Jumamosi mashine ikakataa kubuti. Nilibadilisha kadi ya diski, nikabadilisha kebo, nikasoma mwongozo mpaka herufi zikaanza kutembea. Askari wa zamu aliniletea chai ya rangi saa nane za usiku na kuniuliza kama huyo mgonjwa atapona. Asubuhi mkuu wangu akaja na sweta lake la Jumapili, hakushika mita. Alipiga magoti, akahesabu nafasi kwa kidole, akafika kwenye ile iliyo tupu, akanitazama. "G727 iko wapi?" Pipa lilikuwa limeshamwagwa. Akaenda stoo, akarudi na nyingine, akaitia, mashine ikabuti kabla hajanyoosha magoti. Kisha akafungua daftari la stoo akaandika jina langu, na mbele yake: G727, moja, anadaiwa.

Nikirudi kwenu, Mwalimu, imebaki RD53. Ruhusa ikishafika, diski ndiyo itakayokuwa shida ya kweli. Ni diski ya megabaiti 71 iliyotengenezwa na Micropolis, na ndani yake kuna kipande cha mpira ambacho mkono wa vichwa huegemea ukipumzika. Miaka ikipita mpira huo unayeyuka kuwa kama ubani uliotafunwa, unaushika mkono usitoke. Utasikia mota ikizunguka vizuri, lakini taa ya Ready haiji. Wapo wanaoifungua na kuufunika mpira kwa utepe mwembamba, na wapo waliofaulu. Lakini kuifungua Kariobangi, penye vumbi la chuma kila upande, mimi singethubutu, isipokuwa kwa diski ambayo nimeshakata tamaa nayo. Pesa mliyotaka kununulia kichakata, tafutieni kiigizi cha diski kinachotumia kadi ya kumbukumbu kama ile ya kamera. Kama mtapata diski nyingine ya zamani iliyofanya kazi kwenye RQDX1 au RQDX2, jueni RQDX3 haitausoma mpangilio wake; itabidi ipangwe upya kwa programu ya ZRQC iliyo kwenye XXDP, mkusanyiko wa programu za kupima mashine hizi, na kila kilichokuwemo kitafutika.

Na 2.11BSD itakubali. Kichakata cha 11/73 kinatenganisha nafasi ya amri na nafasi ya data kwenye kumbukumbu, jambo ambalo mfumo huo unalidai. Kumbukeni neno hili, linarudi kwenye barua ya tatu.

*Fundi, habari za siku. Marehemu mjomba alituachia MicroVAX II hapa Lavington. Nataka nitoe hesabu zake za biashara ya chai zilizomo. Asubuhi inahesabu 7, 6, 5, 4, 3 na kubuti vizuri. Alasiri haimalizi kuhesabu. Tena kila nikiiwasha inaniuliza nichague lugha kwanza. Je, ni virusi? — Binti wa Lavington*

Binti, pole kwa msiba. Virusi havina nauli ya kufika huko.

Swali la lugha ni betri. Kwenye paneli ya nyuma ya MicroVAX II kuna betri ya nikeli na kadimiamu inayotunza saa na mipangilio michache, pamoja na lugha. Ikifa, mashine inasahau kila kitu na kukuletea orodha ya lugha za Ulaya. Kiswahili hakimo, usijisumbue kukitafuta. Ila betri yenyewe isikae humo hata leo. Zikizeeka hutoa chumvi ya kijani inayokula shaba, na ikishatambaa kwenye bodi hakuna raba itakayoifuta. Mwambie fundi aikate, asafishe pale kwa siki kidogo, kisha kwa spiriti, na aache pakauke kabisa. Mashine itawaka bila betri. Itauliza lugha na tarehe tu.

Kugoma alasiri ni joto. Hapa watu wa Nairobi tunasahau jambo moja, kwamba tunaishi mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na hewa nyepesi hubeba joto pungufu kila feni inapoisukuma. Miongozo ya DEC, kampuni iliyotengeneza mashine hizi, iliagiza kupunguza joto la juu la chumba kwa karibu digrii 1.8 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kwetu ni kama digrii 3 zimekatwa kabla hujaanza. Ongeza vumbi la miaka, na feni iliyochoka inayozunguka polepole kwa heshima.

Weka kiganja nyuma ya kasha panapotoka hewa. Inapaswa kukusukuma, si kukupumulia tu. Toa kifuniko, pulizeni vumbi nje ya nyumba, badilisheni feni isiyosukuma. Kisha mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, bonyezeni kila chipu iliyokaa kwenye soketi kwa kidole gumba, taratibu. Joto na baridi za miaka huzipandisha kidogo kidogo mpaka miguu inagusa asubuhi na kuachia mchana. Utasikia nyingine zikisema *tik*.

Lakini usingoje matengenezo yote yaishe. Hesabu za mjomba uzinakili kesho asubuhi, saa moja, kabla jua halijafika dirishani. Mashine inayobuti kwa nusu siku ni zawadi, na zawadi hiyo haina tarehe.

*Mzee, niko Umoja. Nimenunua kabati la PDP-11/34 kwa wauza vyuma. Kadi nyingi zimeshang'olewa. Nataka niweke ndani Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, na SIMH, programu ya kuigiza mashine hizi, taa za mbele ziwake. Tatizo hata hiyo SIMH hainibutii. Nimeweka CPU 11/23 na diski ya 2.11BSD. Inaanza kisha inakufa. Wengine wananiambia ni dhambi kuweka kompyuta mpya kwenye kabati la zamani. — Kijana wa Umoja*

Kijana, dhambi ni kung'oa kadi nzima ukayeyushe dhahabu. Kabati likishakuwa tupu, lifanye unavyotaka. Hata wenye mapenzi makubwa na mashine hizi hutengeneza PiDP-11, ambayo ni uso wa PDP-11 wenye Raspberry Pi mgongoni.

Shida yako nimeshaijibu nusu nikimjibu Mwalimu. 11/23 haitenganishi amri na data, na 2.11BSD haiwezi kuishi bila hilo. SIMH ni mwaminifu kupita kiasi: ukimwambia awe 11/23, atakuwa 11/23 pamoja na udhaifu wake. Kwenye faili ya mipangilio andika *set cpu 11/73* na umpe kumbukumbu yote, megabaiti 4, ambazo ndizo mwisho wa anwani za biti 22. Ukitaka kubaki na 11/23, mtafutie RT-11, mfumo mwepesi wa DEC wenyewe. Hiyo itakaa vizuri. Ukitaka kuwa mkweli kwa kabati lako la 11/34, nalo halitenganishi amri na data, kwa hiyo mpe Unix V6 na uridhike.

Kabla hujapima mahali pa kufungia Raspberry Pi, pitisha tochi kwenye bodi ya nyuma, kule kwenye nafasi zilizo tupu, hasa kwenye kiunganishi cha D. Wauza vyuma huacha vipande vidogo ambavyo havina dhahabu ya kutosha kuwasumbua. Ukikuta kipande cha upana wa vidole vinne, kina njia chache za shaba, hakina chipu hata moja, na pembeni kimeandikwa G727, usikitupe. Kiweke kwenye bahasha unitumie kupitia ofisi ya gazeti hili, gharama ni yangu. Mkuu wangu alishafariki na kampuni ilishafungwa, lakini daftari lile sijui kama liliwahi kufutwa.